Siku Tuliyouomba Mtaa Unyamaze

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, na kila nikiikumbuka moyo unanienda mbio kama ndiyo kwanza inatokea. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa kutafuta hitilafu za kebo za umeme zilizofukiwa ardhini. Mwanamke nilikuwa peke yangu kikosini, na mashine mpya ya kupimia nilikuwa nimekabidhiwa mimi. Kichwa kilinivimba kweli kweli. Ungeniona nilivyokuwa natembea, ungecheka.

Asubuhi hiyo mtaa mmoja wa Kariakoo, upande wa kuteremkia Jangwani, ulikuwa hauna umeme. Kebo ilikuwa imeharibika mahali fulani chini, na juu yake kuna maduka, meza za wamachinga, mikokoteni na watu. Katikati ya mtaa palikuwa na zahanati ndogo. Muuguzi wake, Sista Fausta, alinifuata hata sijashuka kwenye gari. Friji yake ilijaa chanjo za watoto, kesho yake ndiyo siku ya kliniki, na jenereta hakuwa nayo.

"Nimezipanga na barafu," akaniambia. "Zitafika mpaka alasiri. Baada ya hapo itabidi nizitupe."

"Sista, kabla ya saa tano umeme utakuwa umerudi," nikamjibu. Eti saa tano! Ningejua ningefunga mdomo.

Mashine ikapeleka mpigo kwenye kebo, ikanijibu: mita mia na themanini kutoka kwenye kituo cha umeme cha mtaani. Nikakunjua ramani, nikavuta futi kamba, mita zikaishia mlangoni kwa Mangi, Mchaga mmoja mwenye duka la vyombo. Nikawaambia vijana wachimbe. Mzee Kombo, fundi wetu wa kuunga kebo aliyekaribia kustaafu, akaniuliza taratibu kama nimeshaongea na wenyeji.

"Mzee, hii mashine haikosei," nikamwambia. Naye akaenda kukaa kwenye ukingo wa mtaro.

Tukachimba. Kebo tukaikuta nzima, safi kama imelazwa jana. Nikasogea hatua tatu, tukachimba tena, nzima. Shimo la tatu likaziba mlango wa Mangi kabisa, wateja wake wakawa wanachungulia na kuondoka. Ilipofika saa sita mchana Sista Fausta akaja na kipimajoto mkononi, akanionyesha, akarudi zake. Niliona aibu. Nikamfuata Mzee Kombo pale mtaroni.

"Mashine imekupa urefu wa kebo," akasema. "Haijakwambia imepita wapi. Hilo wanalijua wanaoshinda hapa kila siku, na wewe tangu asubuhi hujamsalimia hata mmoja. Umemchimbia mtu mlangoni kwake kama unachimba shamba lako."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata pa kujitetea.

Akanipeleka kwa Bi Mwajuma, mama wa makamo aliyeuza kanga kwenye kona ile miaka na miaka.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba. Nakutazama tu tangu asubuhi, mwanangu, nasema huyu ataniuliza lini."

Akanieleza kila kitu. Mwaka ule walipojenga mtaro wa maji ya mvua, wachimbaji waliisogeza ile waya upande wa pili wa barabara, na iliyozidi wakaizungusha na kuifukia palepale, mbele ya wauza viatu, kabla haijarudi huku kwa Mangi. Mwanangu, nilisisimka mwili mzima! Kumbe mita zangu kadhaa zilikuwa zimejikunja chini ya ardhi. Hitilafu tulikuwa tumeipita, iko nyuma yetu.

Sasa ilibaki kupata mahali penyewe. Garini tulikuwa na mashine ya pili, inayoipiga kebo kwa umeme mkali kila baada ya sekunde chache. Pale ilipoharibika, ardhi hugonga. Lakini ni kishindo kidogo sana, na umeme ukikatika Kariakoo unajua kinachotokea. Kila duka lilikuwa limewasha jenereta yake, mtaa mzima unanguruma.

"Waombe wazime," Mzee Kombo akasema. "Uombe wewe."

Kwa tabia yangu ya siku zile, afadhali angeniambia nibebe kebo kichwani mpaka Magogoni. Lakini nikautazama mlango wa zahanati, nikaenda kwa Mangi. Jenereta yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Shikamoo, Mangi. Nimekukosea. Nimekuchimbia bila hodi, na mahali penyewe si hapo. Naomba uzime jenereta dakika tano. Chanjo za watoto zinaharibika."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Marahaba. Ungekuja hivi asubuhi, ningekuonyesha hata pa kuweka udongo."

Akaizima. Kisha akatoka nje, akawaita majirani: "Jamani, zimeni kidogo. Dada anausikiliza umeme."

Moja ikazima, ikafuata nyingine, na nyingine. Muuza kanda za muziki akafunga redio yake ya betri. Wenye mikokoteni wakaegesha. Bi Mwajuma akaweka kidole mdomoni kuwatuliza wateja. Kariakoo, mchana kweupe, ikanyamaza! Mpaka leo nikiwasimulia watu wananibishia.

Vijana wakawasha ile mashine ya pili, Mzee Kombo akanipa mpini mkavu wa sururu, akaniambia niusimike chini na kuweka sikio juu yake. Nikafanya hivyo mbele ya wauza viatu. Kimya. Hatua mbili mbele, kimya. Hatua nyingine, nikahisi kitu kidogo. Nikasogea tena, na hapo ikanigonga sikioni: du. Nikahesabu. Du. Machozi yakanitoka nimeinama vilevile, makalio juu, mtaa mzima unanitazama, wala sikujali.

Mashine ikazimwa, tukaondoa umeme uliobaki ndani ya kebo, tukachimba. Kiungo cha zamani kilikuwa kimeingia maji na kuungua hadi kuwa cheusi. Mzee Kombo akakiunga upya bila papara. Adhana ya alasiri ndiyo inaanza, umeme ukarudi, nami nikakimbia zahanati na viatu vya matope. Sista Fausta alikuwa ameweka kiganja juu ya friji inayonguruma.

"Zimepona," akasema. "Barafu ya mwisho ilikuwa bado ina kipande kigumu."

Kesho yake nilirudi mwenyewe kumfukia Mangi mashimo yake. Akina mama walikuwa wamepanga foleni zahanati, watoto wanalia kwa sindano. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi hii sasa, una mashine inayoweza kuliko yangu mara nyingi, na ninakuonea wivu. Itumie, iamini kwa kile inachokijua. Ila kabla ya kuishusha garini, wasalimie watu unaokwenda kuwachimbia, waulize, na ukikosea kiri mapema, usingoje shimo la tatu. Mungu akujalie usikivu, ailinde mikono yako na kila kebo uigusayo, na popote utakapouomba mtaa unyamaze, watu wakunyamazie kwa hiari.