Injini ya Shemeji

Mama Spana aliifungua injini ile akiwa amefura hata hereni zinatikisika. Gereji aliirithi kwa baba yake, na wateja walimjua kwa mkono mwepesi. Siku hiyo kila nati iliyotoka aliirusha kwenye beseni kama anayelipiga mawe.

"Polepole, shemeji, hicho chuma ni ghali," alisema Mshale, mdogo wa mumewe, mwenye gari.

"Na mguu wa kaka yako ulikuwa wa bure?"

Mshale akatazama viatu vyake.

Alikuwa amelikimbiza gari hilo la mbio barabara kuu, kaka yake kando, hadi mkono mmoja wa pistoni ukakatika na kutoboa ubavu wa injini. Oili ikamwagikia magurudumu, gari likateleza, likabamiza ukuta. Mshale alitoka na mkwaruzo kidevuni. Kaka yake alitoka na magongo. Tangu hapo Mama Spana humfunga viatu mumewe kila asubuhi, kimya kimya, baada ya kuwafunga watoto.

Mume huyo leo alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, magongo mapajani, macho yanang'aa.

"Mama watoto, ukishaiunda, tuitie na turbo. Ipate pumzi zaidi."

Spana ikamtoka mkononi. "Tuitie? Wewe na nani?"

"Nimechoka kukaa ndani kama kuku anayeatamia. Nikipata mzunguko mmoja tu na mdogo wangu…"

"Sikio la kufa! Mguu mmoja haukutosha, unataka kukamilisha jozi?"

Mshale akacheka, alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Usipotaka, shemeji, nitampelekea fundi wa kona ya pili."

Hapo alimshika pabaya. Fundi wa kona ya pili alijulikana kwa kurudishia ringi za pistoni zilizochoka na kumwombea mteja heri. Injini ingepasuka tena, na kando ya dereva angekuwa nani? Yule yule.

Basi akaiunda. Aliitafutia bloku nzima, isiyo na tundu ubavuni, akaweka pistoni imara kuliko za mwanzo, akasafisha kila njia ya oili kama mama anayemtoa mtoto mchanga kamasi. Turbo akaifunga pia. Kila nati aliikaza kwa kipimo, huku akitukana: hii ya shemeji, hii ya mume, hii ya mama mkwe aliyewazaa wote wawili. Kilichomuudhi zaidi ni mikono yake mwenyewe. Hasira yote ile, na bado ilikataa kulipua kazi.

Injini ilipowaka, kikombe cha chai kilitembea chenyewe mezani. Mumewe akajikongoja hadi mlango wa abiria, akaufungua.

Ndani hamkuwa na kiti. Sakafu tupu, na matundu manne ya boliti.

"Kiti changu kiko wapi?"

Mama Spana akaelekeza kwa spana. Kilikuwa kimekazwa kwenye saruji, kando ya benchi lake la kazi.

"Anayetaka kukimbia na akimbie peke yake," alisema. "Wewe wa hapo. Utanishikia taa."

Mshale akaondoka na mngurumo wake. Mumewe akakataa kukaa; alisimama amenuna, mguu ukimtetemeka. Mama Spana hakugeuka. Aliendelea kufuta vifaa vyake, mgongo umemwelekea, hadi aliposikia ngozi ya kiti ikilia.