Latifu na Daktari wa Macho

Latifu alichomelea milango na mageti katika karakana ya mjomba wake, Mzee Mudathiru, mjini Kamembe. Kila ndege ya Kigali ilipokuja kutua, aliacha kazi akatoka nje kuitazama. Mwaka huu shule moja ya urubani huko Kigali ilimkubali asome mwisho wa wiki tu, ili siku nyingine aendelee na kazi na kujilipia. Jioni alisoma Kiingereza cha marubani, mkewe Ingabire akimsahihisha matamshi.

Kilichobaki kilikuwa kupimwa afya. Daktari wa macho alimpima, akarudia, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Mwanga wa kuchomelea umeunguza macho yako. Ukiacha kuchomelea kabisa, huenda mwakani yakapona. Ukiendelea, sahau kurusha ndege."

"Nikiacha, masomo nitayalipia kwa pesa gani?"

Daktari aliandika kwenye cheti chake: arudi mwakani.

Latifu aliporudi karakana alimweleza mjomba wake yote. Mzee akazima mashine.

"Mutoto yangu, kazi ingine hapa haiko. Unajua."

"Minajua, Mzee."

"Sasa utafanya nini?"

Latifu alilitazama geti lililolala chini, upande mmoja bado haujaungwa. "Mwenyewe anakuja kulichukua kesho," alisema, akavaa kinyago cha kuchomelea, akawasha mashine.

Nyumbani Ingabire alimpokea mlangoni. "Bamekupitisha?"

"Daktari amesema nirudi mwakani," alijibu, akainama kuvua viatu ili asimtazame usoni.