Kidevu Juu na Dubu

Mtaani walimwita Kidevu Juu, maana ndivyo alivyomwambia kila aliyekaa kwenye kigoda cha studio yake. Kidevu juu, masikio yote mawili yaonekane, usicheke. Miaka thelathini aliwapiga picha za pasipoti watu waliokwenda zao ng'ambo, yeye akabaki na pazia lake jeupe na feni yenye kelele. Mtoto mchanga akikataa kutazama kamera, alimpigia vidole, ta! ta!, na mtoto akageuka. Hakuna uso uliowahi kumshinda, na alijivunia hilo, tusimfichie.

Kisha bintiye, muuguzi huko ng'ambo, akamkatia tiketi. Kidevu Juu akajipiga picha ya pasipoti mwenyewe. Alirudia mara saba ndipo akaridhika.

Alipofika hakutaka kuona maghorofa, alitaka wanyama. Akawapiga picha bata wa bustanini, farasi wa polisi na paka wa jirani, wote wakitazama kamera kama wanaomba viza. Siku ya tano bintiye, mimba ya miezi minane ikigusa usukani, akampeleka kwenye hifadhi ya msitu. Askari wa langoni aliwaambia mambo mawili tu: vioo vifungwe, na wanyama wasiitwe.

Wakamkuta dubu jike na mtoto wake, hatua kama ishirini kutoka barabarani. Alikuwa anachimba mizizi, amewapa ubavu. Kidevu Juu akateremsha kioo.

"Baba, funga!"

"Kioo kinarudisha mwanga. Zima na gari, linatikisa picha. Dakika moja tu, mwanangu."

Binti akazima, shingo upande. Mzee akapiga picha moja, mbili, kumi. Zote sikio moja! Mazoea yakamzidi nguvu. Akatoa mkono nje, akapiga vidole: ta! ta!

Jamani, mzee huyu!

Dubu akainua kichwa, akaja. Hakukimbia. Alikuja polepole, na hilo ndilo lililotisha zaidi. Kioo kilikuwa cha umeme, hakipandi mpaka gari liwashwe, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa binti.

"Niwashe?" alinong'ona.

"Usiwashe. Akishtuka ataturukia."

"Baba, mtoto wangu..."

"Najua, mama. Tulia."

Dubu akafika mlangoni. Pumzi yake iliingia ndani, inanuka udongo. Akasimama pale, uso mzima, masikio yote mawili, kidevu juu. Picha aliyoitamani mzee siku zote ilikuwa imejileta yenyewe, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Lakini kamera ile ya zamani ilikuwa na mlio mkali. Akaondoa kidole. Mkono wa pili akaupeleka taratibu nyuma ya mgongo wake, akafunika nao tumbo la bintiye. Alijichukia. Binti yake na mjukuu ambaye hajamwona bado, wote wawili alikuwa amewaweka mdomoni mwa dubu kwa sababu ya sikio.

Kule kwenye miti, dubu mdogo akalia. Mama yake akasita, akavuta pumzi mara moja zaidi, kisha akageuka na kumfuata mwanawe.

Binti akawasha gari, kioo kikapanda. Ndipo akaangua kilio, na katikati ya kilio akaanza kucheka, mdomo wazi, kilemba kimeporomoka, uso ameugeuzia miti alikopotelea yule dubu. Baba akainua kamera. Hakumwambia akae vipi. Akabonyeza.

Hiyo ndiyo picha iliyotundikwa leo studio, katikati ya nyuso zilizonyooka. Wateja hawaishi kuuliza: mbona huyu katazama pembeni, na sikio linaonekana moja?

"Huyo ni mwanangu," hujibu Kidevu Juu, akirekebisha kigoda. "Mwache atazame anakotaka. Wewe, kidevu juu."