Siku Niliyovishwa Kibati cha Kaka Yangu

Aibu hii nimeibeba tangu nikiwa msichana, na nikiwasimulia naomba mnifuate polepole, kwa sababu hata mimi niliyekuwepo sijaielewa vizuri mpaka leo. Kwa ufupi, serikali ilikuja kutafuta asiyejiweza katika familia yetu, ikampita mwenye shida amesimama pale pale, ikanishika mimi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ile watu wetu waliita Imachensi. Tulikuwa tumetolewa mashambani tukasongamanishwa kwenye kijiji kimoja chenye seng'enge pande zote, huko juu ya Karurumo, baba akiwa kizuizini, na kila asubuhi firimbi ikilia tunatoka wote kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, wanawake kwa wanaume, na hom-gadi, wale askari wa chifu, wamesimama juu yetu na bunduki. Kaka yangu Nyaga alikuwa kijana mzima, ametahiriwa, mrefu, meno yote mdomoni, ukimwona amesimama utadhani ni wa kuoa kesho. Lakini hakuwa akiongea kama sisi. Ukimwuliza jambo anakurudishia swali lako lilivyo, hakutazami usoni, nguo ikimkwaruza anaivua popote alipo, na firimbi ilikuwa inamuumiza kweli kweli. (Siku hizi wanaita usonji. Sisi hatukuwa na jina, tulisema tu Nyaga yuko hivyo.) Siku moja firimbi ililia karibu yake, akaziba masikio, akatimua mbio kuelekea seng'enge, hom-gadi akainua bunduki, na kama mama hangemrukia wakaanguka wote wawili kwenye udongo, leo ningekuwa nawasimulia matanga.

"Wambeti," mama aliniambia jioni hiyo, "mara ya pili sitamfikia."

Sasa, msaada ulikuwepo. Wasiojiweza walipewa kibati cha kuvaa shingoni, na mwenye kibati hachimbi, tena anapewa unga na maziwa. Waliochaguliwa walichaguliwa na afisa mmoja mzungu aliyekuwa akija kambini kwa chifu na meza yake, na mama alikuwa ameshampeleka Nyaga kwake. Nyaga aliambiwa ainue mikono, akainua, ainue mguu, akainua, basi, mzima, arudi kazini. Kiwete alipewa kibati, kipofu alipewa. Mama alijaribu kueleza habari ya firimbi, akaambiwa hakuna mtu anayependa firimbi.

Hapo ndipo mimi, niliyekuwa nimesoma misheni kidogo na kujiona nina akili kuliko kijiji kizima, nikaamua jambo dogo tu. Nikasema kama wanataka mguu, tutawapa mguu.

Nikararua kipande cha shuka la mama, nikakipaka mafuta ya mbariki na majivu mpaka kikanuka kama kidonda cha kweli. Pa kufunga palikuwa juu ya goti, ndipo bendeji ingeshika, lakini mimi msichana kumshika paja kaka aliyetahiriwa, hapana, hiyo kwetu haifanyiki, kwa hiyo nikamfunga chini ya goti na kujiambia itatosha. Kisha nikamfundisha, tena kwa Kiswahili, ambacho afisa alikijua kidogo, ili karani wake wa kutafsiri asipate nafasi ya kuharibu maneno: "Nyaga, ukiulizwa, sema mguu wa kushoto unauma." Akasema. Nikamwambia tena, akasema tena, vizuri ajabu, nami kwa haraka zangu nilisikiliza mwisho tu wa sentensi.

Siku ya afisa tulipanga foleni juani tangu asubuhi, Nyaga mbele yangu, akichechemea kidogo kwa sababu bendeji ilimkera. Ilianza kuteleza. Tulipofika kwenye meza ilikuwa imefika kwenye kifundo, na Nyaga akainama, akaifungua, akaikunja pembe kwa pembe kama kitambaa cha kanisani, akaiweka mbele ya afisa.

"Hii ya nani?" afisa akauliza.

"Hii ya nani," Nyaga akasema.

"Yangu, Bwana," nikasema mimi. (Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza vya kutosha.)

Nikishasema yangu, ikabidi iwe yangu. Nikaketi chini mbele ya watu, nikajifunga ile takataka inayonuka, na afisa, ambaye sasa alikuwa ameweka kalamu chini, akaniambia nitembee. Nikatembea nikichechemea vizuri sana, nadhani, mpaka nikamsikia Nyaga nyuma yangu, yeye ambaye hata chungu kikikaa upande lazima akinyooshe, akisema kwa sauti kubwa, "Mguu wa kushoto." Nikaangalia chini. Nilikuwa nimefunga wa kulia. Basi badala ya kunyamaza nikabadilisha mguu wa kuchechemea nikiwa katikati ya safari, bendeji ikabaki kule kule, na foleni nzima ikaangua kicheko. Hata mzee mmoja kipofu alimwuliza jirani kumetokea nini, akaelezwa, akacheka peke yake wenzake walipokuwa wamemaliza.

"Nani iko na gonjwa ya mguu hapa?" afisa akamwuliza Nyaga.

Nyaga akasimama wima. "Nyaga, ukiulizwa, sema mguu wa kushoto unauma," akasema, na alisema kwa sauti yangu mimi, na hata kikohozi kidogo nilichokohoa nikimfundisha akakiweka mahali pake.

Karani, mtu wa Meru, alifunika mdomo kwa mkono. Mimi nikaona nimeshapotea, afadhali niseme ukweli, na ukweli nao ukatoka kichwa chini miguu juu. "Bwana, mguu hauumi. Wake hauumi na wangu hauumi. Mwenye shida ni yeye ila haumwi mahali, na mimi siumwi lakini nimefunga kwa sababu yeye amefungua, na firimbi ndiyo itamuua, Bwana, firimbi." Nilikuwa nalia, nimeshika meza kwa mikono yote miwili, bendeji imefika kwenye kisigino. Kando yangu Nyaga ametulia, anaangalia milima.

Afisa alimwambia karani maneno kwa Kiingereza, taratibu, kwa huruma. Karani akanigeukia. "Dada, Bwana anasema pole. Anasema una bahati kuwa na kaka mtulivu wa kukuleta."

"Lakini si mimi," nikasema.

"Ni sawa, dada. Wote husema hivyo."

Wakanivisha kibati, wakaandika sina akili. Nyaga akarudishwa handakini.

Mama alipokiona shingoni mwangu alikaa chini. Unga tuliupika, maana njaa haina haya, lakini kuna mama mmoja aliyekuwa ameanza kuja kwetu na uji wa kuniposea kijana wake, na huyo hakuja tena. Nilitaka kukitupa kibati. Nilikuwa msichana, jamani, kila mtu akinipita anapitia mbali.

Kesho yake firimbi ikalia, nikatoka nikamfuata Nyaga bila kufikiri, nikashuka naye shimoni mahali ambapo mtu asiyechimba hakuruhusiwa, na firimbi ilipolia tena nikamziba masikio kwa viganja vyangu. Hom-gadi akainua bunduki. Akaona kibati. "Mwache," akamwambia mwenzake, "huyo hana akili." Kutoka siku hiyo nilikuwa handakini kila siku, mwenda wazimu na kaka yake mzima, na hawakutuuliza.

Baadaye afisa alirudi kukagua waliopona. Nilisimama mbele ya meza ile ile, kijiji kizima nyuma yangu, na kijana wa yule mama wa uji alikuwepo, namwona kwa pembe ya jicho. Ningeweza kujibu kwa Kiswahili changu kizuri cha misheni kwamba nimepona, nikarudi kuwa msichana wa watu.

"Wewe napona?" afisa akauliza.

"Bado, Bwana," nikasema.

"Bado, Bwana," akasema Nyaga.

Nimeapa sitamfundisha tena mtu maneno ya kumwambia afisa. Hayo mawili sikuwa nimemfundisha.