Umri wa Mwana

Baba mkwe wangu alipotaka kubatizwa, mchungaji alinikabidhi mimi nimfundishe, maana kanisani kwetu Tindiga mwalimu wa ubatizo ni mimi. Kwa mchungaji lilikuwa jambo dogo. Kwangu ilikuwa kumpigia magoti mzee wa Kisukuma, kumwamkia, kisha kuinuka na kumuuliza kama ameelewa somo la jana.

Amri Kumi alizikariri kwa siku mbili tu. Tukakwama kwenye Utatu. Nilianza na mafiga: matatu, chungu kimoja. Akasema ukiondoa figa moja chungu kinapinduka lakini mawili yanabaki, je, Mungu naye hutolewa kipande? Nikaleta maji, barafu na mvuke. Akauliza maji yakishakuwa barafu, yale maji yako wapi. Nilikasirika, nakiri. Miaka yote nafundisha hayo hayo na hakuna aliyewahi kunisumbua.

Kumbe shida yake ilikuwa nyingine. Yeye ndiye mkubwa kijijini. Waliomzidi umri tumeshawazika wote, na miaka mingi hajampa mtu shikamoo. Baba wa mbinguni ni mkubwa kwake, huyo angemwamkia bila kinyongo. Roho pia, maana roho haina umri.

“Lakini Mwana ni mtoto wa mtu,” aliniambia. “Nitamwamkiaje mtoto?”

Asipopata jibu habatizwi, alisema, kwani hawezi kumdanganya Mungu mbele ya maji. Nikamwambia hilo ni fumbo. Akanijibu kwamba fumbo hufumbuliwa, akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Jumamosi ya kuulizwa maswali nilikaa benchi la nyuma. Mchungaji akataka kujua, kati ya Baba na Mwana, nani alitangulia. Mzee akajikuna goti.

“Mimi nilikuwa kijana tu mpaka mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Siku hiyo ndipo nikawa baba. Sasa huyu mnasema ni Baba tangu milele. Atakuwaje Baba hata siku moja bila Mwana?”

Mchungaji akanigeukia, akanisifu kwa kufundisha vizuri. Nilitaka kusema si mimi. Sikusema, nilifurahi mno, na sifa ni tamu.

Jumapili akaulizwa kama anamwamini Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Badala ya kuitikia ndiyo, kama nilivyomfundisha, mkwe wangu aliinamisha kichwa chake cha mvi juu ya beseni, akasema polepole, “Shikamoo.”