Shule Haiendeshwi na Mwezi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa Gredi ya Kwanza, Mwalimu Swafiya alipita nyuma ya vyoo kuutazama mkondo wa bahari. Shule yao, huko kisiwani Pate, ilisomesha watoto wa hapo kijijini na wachache wa ng'ambo, waliovuka kwa miguu katikati ya mikoko. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, walikwenda na kurudi bila shida. Lakini siku za bamvua maji yalijaa kwa nguvu alasiri, na njia ile ikawa haipitiki hata kwa mtu mzima. Kwa hiyo siku hizo aliwaruhusu wa ng'ambo waondoke adhuhuri, wenzao wakiwaimbia wimbo wa kuagana, na masomo waliyoyakosa akawafidia maji yakipoa.

“Wenzetu wana raha,” Bakr, mtundu wa darasa, alisema siku moja. “Wao hufukuzwa na maji.”

“Na wewe hufukuzwa na nini?”

“Na njaa, mwalimu.”

Darasa zima likacheka, na Hadil wa ng'ambo akacheka kuliko wote. Alikuwa mdogo mno, hata miguu yake haikufika sakafuni akikaa kwenye dawati. Juma lile alikuwa ameunganisha silabi peke yake kwa mara ya kwanza, akasoma “kikapu”, kisha akageuka kuwatazama wenzake kama aliyewafungulia mlango.

Ndipo alipoletwa mwalimu mkuu mpya, Bwana Idarus, mzaliwa wa Lamu mjini. Aliamuru kila darasa libaki hadi alasiri kwa masomo ya ziada, kwa kuwa wakaguzi walikuwa njiani.

“Wa ng'ambo hawawezi siku za bamvua, Bwana Idarus,” Swafiya alimwambia. “Maji yatawakuta.”

“Bi Swafiya, shule haiendeshwi na mwezi.”

“Bahari inaendeshwa na mwezi. Na watoto wanapita baharini.”

“Basi wazazi wao watafute mashua.”

Alinena hivyo mtu aliyezaliwa kisiwani, aliyejua bei ya mashua na hali ya wazazi wale wavuvi! Ujinga ungesameheka. Huu haukuwa ujinga. Ilikuwa dharau iliyovaa suti na kujiita nidhamu.

Bamvua ilipofika, Swafiya aliwapanga watoto wa ng'ambo mlangoni adhuhuri kama ada. Lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Idarus. Alimsihi mbele ya walimu wote, lango halikufunguliwa. Watoto walirudishwa madawatini wakaimbishwa hesabu, huku macho yao yakiwa dirishani.

Lango lilipofunguliwa alasiri, mkondo ulikuwa umefura. Swafiya alijifunga leso kiunoni, akambeba Hadil mgongoni, na watoto wakubwa wakashikana mikono nyuma yake. Katikati maji yalimfika kifuani. Mguu wake ulizama topeni, akayumba, na Hadil akamponyoka. Alimpata kwa kushika nywele tu. Mkoba wa mtoto ulikwenda na maji, na mtoto alipofikishwa ukingoni alitapika maji ya chumvi, akatetemeka, asilie.

Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo, kwa sababu hakuna aliyekufa. Katika nchi hii mtoto hana budi afe kwanza ndipo ofisi zijue kwamba alikuwa akiishi.

Kesho yake asubuhi, maji yakiwa yametoka, Huwaida, mama yake Hadil, alivuka peke yake.

“Mwalimu, Mungu akulipe kwa jana,” alisema akiwa nje ya lango. “Lakini ndia ni ile ile na kufuli ni lile lile. Siwaeti wanangu shuleni tena. Wenzangu pia wamekataa.”

“Hadil ameanza kusoma, Bi Huwaida.”

“Nayua. Usiku kucha asema ‘kikapu’.”

Huwaida akavuka kurudi ng'ambo kabla maji hayajajaa. Kwenye kikao cha walimu, Bwana Idarus alisema watu wa ng'ambo hawathamini elimu.

Bamvua iliyofuata, ilipofika adhuhuri, Bakr alianza ule wimbo wa kuagana kwa mazoea, na darasa likamfuata, wakiliimbia dawati tupu la Hadil. Bwana Idarus akachungulia dirishani.

“Kelele za nini, Bi Swafiya?”

“Tunawaaga wenzetu,” alijibu. “Siku ile ulitufungia lango.”