Kaburi la Kumi na Nne

Mjini Kericho kila mtu anamjua Mama Kaburini, lakini jina lake halisi wengi hawakulijua. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akifyeka nyasi katika makaburi ya zamani, yale yaliyozungushiwa ua wa chai. Anafyeka kwa namna yake. Analaza fimbo ndefu juu ya nyasi, kama wachuma chai wanavyoilaza juu ya vichaka, kisha anakata kila kinachochungulia juu ya fimbo. Ndiyo maana wafu wetu wamelala chini ya nyasi zilizo sawa kuliko kichwa cha askari aliyenyolewa jana.

Jina lake ni Mongina, binti Ogoti. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, akaolewa Nyamira na mwanamume aitwaye Sagini, na baada ya miaka kumi na miwili akarudi kwenye chai akiwa na kikapu na sufuria moja. Hakufukuzwa. Alichoka. Tangu hapo Sagini alikuwa akimtembelea kama mvua ya mawe: ghafla, kwa kelele, na akiondoka kuna kitu kimeharibika.

Alichuma hadi mashine zilipoletwa, ndipo akapewa kazi ya makaburi. Huko alipata majirani aliowapenda. Kuna mzungu aliyekuwa akipima uzito wa mbwa wake kila Jumamosi kwa mizani ya majani ya chai. Kuna fundi cherehani wa Kigoa, kutoka India, aliyewashonea maharusi wa mji mzima naye hakuoa. Kuna Amolo, golikipa wa timu ya shamba, aliyeagiza azikwe hapo ili aendelee kusikia mpira ukipigwa uwanjani. Mongina aliyasikia haya kwa wazee wa zamani, na pale wazee waliposahau, alijaza mwenyewe. Huwaamkua wote kila asubuhi. Mzungu humwamkua mwisho kwa sababu ya mbwa.

Mwaka juzi daktari alimwambia moyo wake umepanuka.

"Huo ulikuwa mkubwa tangu zamani," Mongina akamjibu. "Wewe umeuona leo tu."

Lakini aliporudi kazini alikaa chini ya mti wa chai ulio katika kona ya juu, akafikiri. Watu wengi hawajui kuwa chai isipopogolewa huwa mti. Huo umezidi paa la nyumba, na ukichanua maua meupe nyuki hawaondoki. Chini yake pana nafasi ya mtu mmoja. Mongina aliitaka nafasi hiyo.

Vikwazo vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa desturi. Kwa Wagusii, watu wake Mongina, na hata kwa majirani zao Wakipsigis, mtu huzikwa kwake. Makaburi ya mji ni ya asiye na kwao. Mke huzikwa kwa mumewe. Sagini alikuwa ameshakufa, na ukoo ulikuwa umeacha nafasi ya Mongina, mke wake mkubwa, kando ya kaburi lake, ikapandwa maua kabisa.

"Nimelala karibu na Sagini miaka kumi na miwili," Mongina aliniambia. "Alikuwa anakoroma. Lakini wakati huo ningeweza kutoka nje."

Cha pili kilikuwa kamati ya makaburi. Makaburi yale yalifungwa kwa kujaa, na kanuni yao ilisema hakuna atakayezikwa tena humo isipokuwa mtu mashuhuri wa mji. Mongina alimwuliza mwenyekiti, Mwalimu Rodah Chepkosgei, mwanamke aliyefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu hiyo hiyo, kama mfyeka nyasi anahesabika. Mwalimu Rodah alicheka akidhani ni utani.

Basi kamati ikaamua kuweka bango langoni lenye majina ya watu mashuhuri waliozikwa humo, wageni wapate kusoma. Daftari la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa. Ikabidi karani wa kamati, kijana mmoja aitwaye Kipkemoi, aende akayasome majina kwenye mawe.

Kipkemoi amesoma hadi chuo kikuu, lakini alilelewa na nyanya aliyemwonya kwamba mtu hatembei penye wafu bila sababu, na kuandika orodha hakuiona kuwa sababu. Aliweka kiti cha plastiki nje ya lango, akafungua kompyuta juu ya magoti.

"Mama, wewe ingia, usome kwa sauti. Mimi nasikia tu vizuri kutoka hapa."

"Si uje uone mwenyewe, mwanangu? Hawaumi."

"Soma tu, mama. Na hiyo chai yako ya tangawizi iko?"

Akamletea kikombe, kisha akaingia. Alisoma jiwe baada ya jiwe, akipaza sauti, na kwa kila jina Kipkemoi aliuliza, "Huyo alifanya nini?" naye akamweleza. Wakafika kumi na tatu. Mongina akapanda hadi kona ya juu, akasimama mbele ya nyasi tupu chini ya mti wa chai, akainama kama mtu asiyeona vizuri.

"Mongina Ogoti!" akasoma.

"Alifanya nini?"

"Alichuma kilo tisini na sita kwa siku moja! Kwa mkono!"

Kipkemoi alipiga mluzi. "Tisini na sita! Alikufa lini?"

"Tarehe haionekani, imefunikwa na majani!"

Ilikuwa kweli. Hapakuwa na kitu pale ila majani.

Kipkemoi akaandika. Kwake yeye, mwanamke aliyekuwa akisoma aliitwa Mama Kaburini.

Siku ya kuzindua bango, hema lilisimamishwa barabarani, nje ya lango. Watu walijaa, kwa maana ilitangazwa kuwa kutakuwa na chai na mandazi. Mongina ndiye aliyekuwa akimimina chai. Mwalimu Rodah alivuta pazia, akayasoma majina kwa sauti yake ya darasani, watu wakipiga makofi. Mbwa na mizani walipata makofi mengi. Amolo alipigiwa vigelegele na wazee watatu.

"Nambari kumi na nne. Mongina Ogoti, bingwa wa kuchuma chai. Alichuma kilo tisini na sita kwa siku moja. Tafadhali tusimame tumkumbuke kwa dakika moja, kwa niaba ya wachumaji wote."

Watu wakasimama. Kofia zikavuliwa. Mongina naye akaweka birika chini, akainamisha kichwa. Aliniapia kuwa alijiombea kwa dhati.

Kisha mtu akaangua kilio katikati ya kimya. Alikuwa Onsongo, mdogo wake Sagini, anayeuza ndizi sokoni, na ambaye hakuja kwa ajili ya bango bali mandazi. Kati ya wote waliokuwepo, yeye peke yake alilijua jina lile.

"Uuuwi! Mke wa ndugu yangu! Amekufa lini? Amezikwa na nani bila sisi kuambiwa? Uuuwi, Mongina!"

Alijishika kichwa, mandazi mkononi. Akasikia mtu akimgusa bega.

"Shemeji," Mongina akasema, "chai yako inapoa."

Onsongo aliruka hadi akaangusha viti viwili. Kipkemoi alilitazama bango, akamtazama Mongina, akalitazama bango tena.

"Mama! Wewe ndiye nambari kumi na nne?"

"Nilikuambia uje uone mwenyewe."

Ikawa vurugu. Onsongo alipopata pumzi alikuwa wa kwanza kusema, na sasa alikuwa mkali. "Huyu ana kwao! Nafasi yake iko nyumbani, karibu na Sagini. Mnataka watu waseme ukoo wetu unatupa wake zake mjini?"

"Shemeji, wewe nenda ulale hapo," Mongina akasema. "Mlipendana."

Watu wakacheka, lakini Mwalimu Rodah hakucheka. Alimwita mbele kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mongina, umetudanganya. Jina lako litafutwa. Hii ni orodha ya watu mashuhuri."

Mongina akakunja mikono ndani ya aproni.

"Sawa, Mwalimu. Lakini nikuulize. Huyo mzungu wa mbwa, wiki iliyopita ulikuwa unamjua?"

"Hapana."

"Na Mgoa? Na Amolo?"

Mwalimu Rodah alitikisa kichwa.

"Ni mimi nimewafanya mashuhuri. Mawe yao yana majina tu. Nikipelekwa Nyamira, hawa wanakufa mara ya pili, na hiyo bango yenu itabaki mbao. Mimi sitaki sifa. Nataka kona. Nikae na watu ninaowajua."

Mmoja wa wale wazee watatu akasema kuwa kilo tisini na sita anazikumbuka, alikuwa kwenye mizani siku ile. Mwingine akasema si vizuri kumwombea mtu kisha kumnyima kaburi. Mwalimu Rodah alivua miwani, akaifuta polepole, akairudisha.

"Dakika moja ya kimya haiwezi kurudishwa," akasema mwishowe. "Kipkemoi, ingia upime hiyo nafasi. Onsongo, ukitaka kulia, subiri wakati wake."

Onsongo aliketi, akala mandazi yake kwa hasira.

Kipkemoi alisimama langoni na futi ya kupimia kwa muda mrefu. Kisha akaingia, akikanyaga kwa ncha za viatu, akimfuata Mongina nyuma kama kifaranga, hadi kona ya juu. Mongina akavua kitambaa, akalala chali juu ya nyasi, akaweka mikono kifuani.

"Pima."

"Mama, amka, tafadhali. Nitakadiria."

"Pima, mwanangu. Na uongeze nusu futi, nitavaa viatu vya kanisani."

Akapima, macho kayafumba nusu. Mongina alipoinuka alichuma vikonyo kadhaa vya chai kutoka tawi lililoning'inia juu ya mahali kichwa chake kilipokuwa, majani mawili na chipukizi, akavitia mfukoni mwa aproni. Kipkemoi alimtazama.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya chai ya tangawizi," Mongina akasema. "Kwani ile umekunywa miaka yote ulidhani inatoka dukani?"

Kipkemoi alitoka kule kwa mbio. Nyuma yake, Mama Kaburini alikuwa akimweleza Amolo kilichotokea, na akakiri kwamba kati ya zile kilo tisini na sita, mbili zilikuwa umande.